Kamba na Sindano

Alikuwa anakohoa mara tatu kabla ya kutoka chumbani kwake, na hakuwa mgonjwa wa kifua. Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani amepaliwa. Mara ya pili nikamshauri anywe maji ya moto na tangawizi. Akanitazama kama mtu anayetazama mche uliopandwa mizizi juu.

"Siumwi," alisema. "Napiga hodi."

Kupiga hodi nyumbani kwako mwenyewe, tena ukiwa unatoka, ni jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mimi nimelala katika nyumba nyingi. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kushuka mahali kwa wiki moja na kuondoka baada ya mwaka. Tukuyu nilifika juu ya lori la viazi. Fundi simu mmoja wa Makandana akanipa kiti kwenye kibanda chake nimsaidie kubadilisha vioo, na hapo ndipo nilipomjua mzee huyu ambaye Kawetele nzima ilimwita Bwana Shamba, ingawa alikuwa amestaafu kazi hiyo miaka mingi.

Nianze na kamba yake. Ilining'inia kwenye msumari sebuleni, katani nene iliyobadilika rangi kuwa ya udongo, ikiwa na fundo kila baada ya mita tatu. Kwa kamba hiyo alikuwa amepanga migomba ya vijiji vizima. Wazee wenzake walinisimulia kwamba akifika shambani kwako na kukuta shina limepotoka nusu hatua, alikuwa hakemei. Alikuwa anakaa pembeni mwa shina hilo na kusema, "Hapa pananiuma," na asiondoke mpaka ulichimbue. Mkulima mmoja alimwachia akae hapo tangu asubuhi, akidhani njaa itamfukuza. Mchana mvua ikanyesha, Bwana Shamba akajifunika mfuko wa mbolea na kuendelea kukaa. Yule mkulima akaenda kuchukua jembe.

Neno lake lingine lilikuwa "Tupime kwanza." Ukimsalimia "Mwagonile," alikuwa anatazama kwanza anga, halafu viatu vyako, ndipo aitikie "Ndaga." Ukimwuliza kama amekula, tupime kwanza. Sikuwahi kumsikia akisema jambo ambalo baadaye alilirudisha. Hilo lilinivutia kwake, na hilo ndilo lililokuja kuninyima usingizi.

Alivunjika nyonga kwa kuteleza kwenye ngazi za udongo, akapona nusu. Kutembea kwake kukaishia uani. Mwanawe mdogo, dereva wa lori la mbao anayeonekana nyumbani siku chache kwa mwezi, akamnunulia kishikwambi ili asome habari. Habari zilimchosha ndani ya siku mbili. Akamwagiza mwenye bodaboda akilete Makandana kuuliza kama kina kazi nyingine. Nikakirudisha mwenyewe, kwa sababu nilitaka kumwona mtu anayeuliza swali kama hilo.

Kazi nyingine niliyoijua mimi ni mchezo wa vigae. Nilikuwa naucheza kibandani wateja wakiadimika, na watu nisiowajua wa nchi nisizozijua. Kwenye kioo kuna vigae vya mraba, na kila kigae kimechorwa kipande cha nchi: barabara, shamba, ukuta wa mji. Unapewa kimoja kwa kila zamu, unakiunganisha na vilivyopo, barabara ikutane na barabara, shamba na shamba. Mashine inakuonyesha kwa rangi hafifu nafasi ambazo kinaweza kukaa. Unagusa nafasi, kigae kinatua. Unakigusa tena, kinageuka. Ukiridhika unabonyeza kitufe cha bluu, zamu inahamia kwa mwenzako. Kabla ya bluu unaweza kubonyeza mshale ukarudisha ulichofanya. Baada ya bluu, basi.

Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Nikamwandikia kazi za vitufe kwa Kiswahili kwenye karatasi, tukaibandika nyuma ya kishikwambi kwa gundi ya matairi. Kitufe cha bluu niliandika "thibitisha." Mshale niliandika "rudisha," yeye akafuta kwa kalamu yake na kuandika "toba."

Vidole vyake vilikuwa shida. Vilikuwa vinene, vimepasuka, na kimoja kilitosha kufunika nafasi nne. Akigusa hapa, kigae kinatua kule. Kioo nacho kilikuwa hakisikii kidole chenye unyevu, na Kawetele kitu gani hakina unyevu? Alijifunza kukausha kidole kwenye shati, kukuza picha kwa vidole viwili, kugusa, kuinua mkono, kutazama, kugeuza mara moja, mara mbili, kurudi alikoanzia. Toba aliibonyeza mara nyingi. Bluu aliibonyeza polepole kama mtu anayetia muhuri.

Kulikuwa na vijitu pia. Kila mchezaji ana vijitu vichache vya rangi yake, na unaweza kukiacha kimoja juu ya kigae ulichoweka. Cha barabarani kinasimama, cha mjini kinasimama, cha shambani kinalala chali mpaka mchezo uishe. Hilo lilimuudhi vibaya.

"Kwa nini mkulima analala?"

Nikamwambia ni alama tu, ili asichanganywe na wengine.

"Na huyu wa barabarani, asiye na jembe wala kikapu, yeye kasimama. Nani katengeneza hii?"

Sikujua. Aliendelea kuwalaza wakulima wake kwa manung'uniko, kila mara akikigusa kile kijitu kama anayemwomba radhi. Lakini kilichomkaa moyoni zaidi ni pengo. Wakati mwingine vigae vinazunguka nafasi moja tupu kwa namna ambayo hakuna kigae kilichobaki kinachoweza kuingia. Wachezaji wengi hawajali. Yeye alikuwa tayari kupoteza alama kumi kuliko kuacha pengo. Hapa pananiuma.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mchezo unahitaji mpinzani. Wageni wa mbali wanacheza kwa dakika, na yeye alitaka mchezo wa taratibu, ule ambao kila zamu ina siku mbili. Katika orodha yangu kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye subira ya namna hiyo. Alikuwa mwanamke aliyewahi kuleta simu yake kibandani, kioo kimepasuka, mtoto mgongoni. Alinikuta nikicheza, akasimama nyuma yangu, na kabla sijamaliza kumweleza akanionyesha mahali pazuri pa kuweka kigae kuliko nilipotaka mimi. Alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine nyumbani kwake. Kazi ya kupanga mapambo ilikuwa vidoleni mwake tayari. Nikamfungulia jina. Akajiita Sindano. Nilichojua zaidi ni kwamba anaitwa Mama Bupe na anatoka upande wa Kawetele, ambako wanatoka watu wengi.

Bwana Shamba alipoulizwa jina, alitazama ukutani akasema, "Kamba." Nikaandika. Nikamkutanisha Kamba na Sindano, nikaenda zangu, nimeridhika.

Mwezi mzima nilikuwa naenda kumtazama kila Jumapili baada ya ibada, na katika mwezi huo sikuona mtu mwingine hapo nyumbani. Mkewe alikwishafariki. Chakula kilikuja. Nilisikia mfuniko wa ndoo ukigongwa mara moja huko jikoni, ng'ambo ya pili ya ua, Bwana Shamba akageuza kiti chake kikatazama ukuta, nami nikabaki nashangaa, nyayo zikapita nyuma yetu. Nyayo zilipopotea akageuka, na juu ya kigoda cha mlangoni kulikuwa na sinia la ndizi na maharage, moshi unatoka. Nilidhani ni aibu ya ajabu ya mpishi.

Jumapili moja aliniomba nikamletee kaa la moto la kuwashia jiko lake dogo, kwa kuwa baridi ya Juni ilikuwa imemkaa kwenye nyonga. Nikavuka ua. Jikoni kulikuwa na mashine ya kufumia, mtoto amelala juu ya rundo la masweta ya kijani, na Mama Bupe ameshika simu. Kwenye simu niliona ukuta wa mji niliotoka kuuona dakika hiyo hiyo kwenye mapaja ya Bwana Shamba.

Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyenisubiri kwa muda mrefu.

"Kaka, wewe si wa huku," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana umefanya hivi."

Akanieleza. Yeye ni mke wa yule mwana dereva. Huku wazee wanaoshika desturi, mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsemeshi, hatamki jina lake, hakai alipokaa yeye. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa mezani pamoja wanatazama televisheni. Katika nyumba hii hakuna aliyeacha. Mfuniko wa ndoo ni wake, kwamba napita. Kikohozi ni cha mzee, kwamba natoka.

"Na kucheza?" niliuliza.

"Kucheza ni kukaa naye. Mwezi mzima nimekaa naye, ana kwa ana, namjibu na ananijibu." Alimtazama mtoto. "Kabla yangu kulikuwa na mke wa kaka yake mume wangu. Alikutana na mzee kwenye njia nyembamba, hakuwa na pa kupitia, akampa mkono na kumwamkia kwa jina. Jioni alikuwa njiani kurudi kwao Igogwe. Mumewe akamfuata, wakahamia Tunduma. Mpaka leo hawajakanyaga hapa, wala mzee hajawataja. Akijua, kaka, kesho mimi nipo kwetu na Bupe mgongoni."

Nikamwuliza alijua lini. Alisema wiki ya pili. Kamba alikuwa na nafasi ya kumfungia barabara na kumshinda, akaiacha ili azibe pengo. Mume wake alishawahi kulazimishwa na baba yake kupanda upya mistari mitatu ya migomba kwa sababu ya pengo moja.

"Sasa mbona hukuacha?"

Alishika uzi wa kijani, akauzungusha kidoleni.

"Toka nimeolewa," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kukaa akanisubiri mimi nifikiri."

Nilirudi na kaa la moto kwenye kipande cha bati. Bwana Shamba alisema nimekaa sana. Nikasema kaa lilikuwa halijashika. Akasema, "Tupime kwanza," akalipuliza.

Tangu siku hiyo kila ziara ilikuwa mateso. Nilimwomba Mama Bupe ajitoe kidogo kidogo, apoteze makusudi. Alijaribu. Bwana Shamba akaniambia siku hiyo mpinzani wake ni mgonjwa au ana jambo, kwa kuwa hachezi kama yeye, na akakataa kuchukua mji ulioachwa wazi. Akamsubiri aamke. Kumfuta Sindano kwenye orodha nisingeweza bila kuulizwa kwa nini, na Bwana Shamba akikuuliza kwa nini alikuwa anakaa pembeni mwa swali lake kama alivyokaa pembeni mwa lile shina.

Nilijaribu kumpima mimi. Nilimwuliza juu ya desturi, kwa mbali, kama mgeni anayependa kujua, na mgeni anayependa kujua nilikuwa kweli. Nilijua kwamba miiko mingine aliicheka. Enzi za kazi yake kuna kijiji kilikataa kushika jembe kwa siku kadhaa baada ya msiba, mvua zinapita. Yeye akaingia shambani peke yake akachimba mashimo arobaini mbele ya macho yao, kisha akawauliza nani amekufa kwa sababu ya mashimo. Nikamwuliza, mbona ile alicheka na hii ya mkamwana hakucheka?

"Ile ilikuwa ya kuogopa vitu," alisema. "Hii ni ya kuheshimu mtu."

"Na mtu akikosea bila kujua?"

Akanitazama viatu. "Nani kakosea?"

Nikasema hakuna, nauliza tu. Akarudi kwenye kishikwambi. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunasemezana kwa kupaza sauti, na nikaishukuru.

Niseme kuhusu mvua, kwa kuwa ndiyo iliyotulinda na ndiyo iliyotuuza. Kila mpinzani anapobonyeza bluu, simu yako inatoa mlio, ko, kama ubao unaotua juu ya meza. Chumba cha mzee na jiko vilitenganishwa na ua wa hatua kumi na tano. Miezi yote ya mvua hakuna mlio uliovuka ua huo. Mama Bupe naye akiwa kwenye mashine hakuusikia hata wa simu yake mwenyewe, akawa hana habari kwamba upo.

Siku yenyewe nilifika nimelowa. Nilimwambia Bwana Shamba simu yangu imeingia maji, nimeiacha kibandani imefunguliwa ikauke. Tukakaa. Alikuwa na kigae chenye kona ya barabara, akakigeuza mara nne, akakirudisha, akapiga toba, akaanza tena. Mvua ilipiga, ilipiga, halafu ikakatika ghafla kama inavyofanya Tukuyu, kana kwamba mtu amefunga bomba. Migomba ikabaki inadondosha. Bwana Shamba akakausha kidole, akabonyeza bluu.

Ko, ikajibu jikoni.

Hakuinua kichwa haraka. Aliinua polepole, akatazama mlango, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Mashine ya kufumia ilikuwa imenyamaza. Nilisikia Bupe akichezea kijiko chini, kisha kijiko nacho kikanyamaza, kama kilichochukuliwa mkononi mwake.

"Mlio huo umetoka wapi?"

"Ni simu yangu, Bwana Shamba."

Lilinitoka kabla sijalipima. Yeye akatazama mfuko wangu, kisha viatu vyangu. Sikukumbuka. Nilikumbuka nikiwa nimeshafika nusu ya njia ya kurudi Makandana, nikapiga mkono mfukoni, mfuko mtupu, simu iko kibandani kama nilivyomwambia mwenyewe, nikasimama katikati ya barabara. Bodaboda ilinipigia honi na mwendeshaji akaniuliza kama nimechoka kuishi.

Mama Bupe aliacha kucheza. Siku mbili zikapita, saa yake kwenye kioo ikabadilika kuwa nyekundu. Siku ya tatu Bwana Shamba aliniita. Nilikwenda kama mtu anayeitwa na polisi. Nilijua kwamba kama ataniuliza tena, sitaweza kusema uongo mara ya pili, na kwamba yote ya Mama Bupe, mashine, jiko, mume anayerudi siku nne kwa mwezi, yamelala juu ya ulimi wangu.

Hakuniuliza. Alinionyesha kioo. Chini ya jina la Sindano palikuwa pametokea kitufe chekundu ambacho hatukuwa nacho kwenye karatasi yetu.

"Hiki ni cha nini?"

Nikamweleza. Mwenzako akizidisha muda, mchezo unakupa ruhusa ya kumtoa. Ukikibonyeza anaondolewa, ushindi unakuwa wako, na kwenye jina lake inabaki alama kwamba aliondolewa.

"Na nisipobonyeza?"

"Unamsubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe uchoke."

Alikiweka kishikwambi mapajani. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kiti kwa nguvu, nikaona mishipa. Nje, mashine ya kufumia ilikuwa inakwenda bila kupumzika, haraka kuliko nilivyozoea kuisikia.

"Nimeshamtoa mtu mmoja," alisema. "Yatosha."

Kisha akapaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti siku isiyo na mvua. Alinitazama mimi, lakini sauti ilienda uani.

"Wewe kijana ndiye unayemfahamu huyu Sindano. Mwambie nitamsubiri. Mwambie najua anakaa mbali sana. Mbali kabisa, wala sijui ni nchi gani. Na mwambie simu yake inapiga kelele, azime mlio."

Mashine ikasimama.

Nilipaswa kuelewa pale pale. Lakini hofu ikishakuzoea, kila kitu unakisikia kwa sikio lake. Nilisikia mtego. Nilidhani anasubiri mlio uzimwe ili apate ushahidi kwamba ujumbe umevuka ua tu, haukwenda mbali. Nilidhani anapima kwanza. Nilikaa Tukuyu siku tatu zaidi, kila bodaboda ikisimama mbele ya kibanda nikidhani imembeba Mama Bupe na mabegi. Siku ya nne nikapanda gari la parachichi kwenda Njombe. Sikuaga mtu. Nimeondoka sehemu nyingi bila kuaga, lakini hii peke yake ndiyo iliyonifuata.

Nilirudi baada ya mwaka na miezi. Nilijiambia nafuata kazi, ila sikupita hata kibandani. Nilipitiliza mpaka Kawetele, mlima Rungwe umejifunika mpaka mabegani, na kila nilivyokaribia ndivyo nilivyotembea taratibu. Kwenye kona ya mwisho nilisimama nisikilize. Kulikuwa na jogoo, na mtu anapasua kuni. Nikasubiri, nikihesabu miezi ambayo mwanamke anaweza kukaa kwao kabla hawajamsahau. Halafu nikaisikia mashine ya kufumia. Kra, kra, kra.

Bwana Shamba alikuwa amepungua, ila kamba ilikuwa msumarini na macho yake yalianza na anga, yakaja kwenye viatu vyangu. Nikasema "Mwagonile, Bwana Shamba." Alinipima kwa muda unaolingana na makosa yangu, kisha akaitikia "Ndaga," akanionyesha kiti. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu kwamba karatasi ya nyuma ya kishikwambi imechakaa, na kwamba Sindano anamfunga. Akanionyesha orodha ya michezo iliyomalizika: Kamba na Sindano, Kamba na Sindano, ukurasa mzima, na mshindi mara nyingi hakuwa Kamba.

"Huyu mtu ana akili," alisema, na sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia zamani kwa shamba la mtu lililonyooka.

Ilikuwa zamu yake. Nilikaa nilipozoea kukaa, uso ukielekea jikoni. Kigae kilikuwa cha shamba lenye barabara ukingoni, na katikati ya nchi yao kulikuwa na nafasi moja tupu, imezungukwa pande tatu. Alikausha kidole kwenye shati. Akagusa, kigae kikatua. Akageuza. Akageuza tena. Kikaingia. Akalaza mkulima wake, akanung'unika kidogo.

Halafu akakohoa mara tatu.

Nikainuka nimpishe, nikashika na fimbo yake nimpe, kwa kuwa mara zote alizokohoa nilizowahi kuzisikia zilikuwa za kutoka nje. Hakuichukua. Alibaki ameketi, akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kuingia migombani, kisha akabonyeza bluu.

Hakuna kilicholia. Mashine ilinyamaza. Tulikaa hivyo, mimi nimesimama na fimbo ya mtu mkononi, mpaka mfuniko wa ndoo ulipogongwa jikoni, mara moja, kwamba napita.

Bwana Shamba alikilaza kishikwambi mapajani, kioo kikitazama chini. Akashika magurudumu ya mbao aliyokuwa amejitengenezea chini ya kiti, akajizungusha taratibu mpaka akauelekea ukuta.

"Geuza kiti chako, kijana," alisema. "Ni zamu yake."